Postikadi ya Kakamega Haipo

Shuka stegi ya Kakamega leo, uliza pahali pa kununua postikadi ya mji huu, na utaangaliwa kama mtu aliyelala miaka thelathini akaamka jana. Utauziwa kava ya simu, soksi, jezi ya Homeboyz, hata saa ya ukutani yenye picha ya Yesu. Lakini ile kadi ngumu yenye picha ya mji mbele, na nyuma nafasi ya stempu na maneno mawili matatu ya kwenda nyumbani, hiyo hakuna. Si ati hatuna cha kuonyesha. Ikhongo Murwi, lile jiwe linalolia, limesimama pale Ilesi kando ya barabara ya Kisumu, unaliona ukiwa kwa matatu bila kushuka. Msitu wetu ni mabaki ya mashariki kabisa ya ule msitu mkubwa wa mvua wa Kongo. Mafahali wakipigana, kijiji kizima kinawafuata mbio na isukuti. Vitu viko. Kadi ndiyo haipo.

Mimi nakaa Shieywe, wadi iliyobeba mji wenyewe, na jambo hili halikuwahi kunisumbua mpaka kazi iliponiletea. Baada ya kuacha chuo nilikuwa naandikia watu mtandaoni, malipo ni kwa neno. Mteja mmoja wa ng'ambo, muuzaji wa vitu vya zamani, alinitumia picha za postikadi karibu mia mbili za Afrika Mashariki, akataka kila moja iandikiwe sentensi tatu: inaonyesha nini, ni ya miaka gani, ina kasoro gani. Ilinichukua wiki tatu. Mwishoni nilikuwa naweza kukadiria umri wa kadi bila kusoma tarehe. Nilikuwa pia na swali ambalo mteja hakuwa analilipia: hawa watu kwenye picha ni akina nani?

Tuanze na karatasi yenyewe. Kadi ya kwanza ya posta ilitolewa na serikali ya Austria-Hungary tarehe 1 Oktoba 1869. Haikuwa na picha. Ilikuwa njia ya bei nafuu ya kutuma ujumbe mfupi bila bahasha, yaani SMS ya enzi hizo, na walalamishi wa wakati huo walilalamika vile tu wazee walivyokuja kulalamikia SMS: kwamba mtu wa posta atasoma mambo yako, na kwamba vijana watasahau kuandika barua. Picha ilikuja na maonyesho makubwa ya miji. Paris ilipofungua maonyesho ya 1889, mgeni aliyepanda mnara wa Eiffel alinunua kadi yenye mchoro wa mnara huo na kuituma akiwa huko huko juu. Miaka minne baadaye, 1893, Chicago iliuza kadi rasmi za maonyesho yake ya dunia. Uingereza iliruhusu kampuni binafsi kuchapisha kadi za picha mwaka 1894, na 1902 ikakubali upande wa nyuma ugawanywe katikati, anwani kulia, ujumbe kushoto. Hiyo ndiyo siri ya kukadiria umri. Ukiona kadi ya Waingereza ambayo mtu ameandika salamu akizibana pembeni mwa picha, kuna uwezekano mkubwa ni ya kabla ya 1902, kwa sababu nyuma hakuruhusiwa kuweka kitu isipokuwa anwani.

Kwa hivyo tangu mwanzo kadi ya picha ilikuwa risiti. Mtu alisema: nilifika, ushahidi huu hapa. Na mji ulijitangaza kupitia kwa watu ambao walikuwa wamelipa wenyewe ili kuutangaza. Akili ya biashara hapo ilikuwa safi.

Huku kwetu biashara hiyo ilianzia pwani. Zanzibar ilikuwa na studio za Wagoa, kama ya A. C. Gomes na ya J. B. Coutinho, na ndugu wa Coutinho walifungua pia Mombasa. Ukikusanya kadi kumi za Zanzibar za miaka ya mwanzo ya 1900, utakutana na Beit el-Ajaib, jumba ambalo Sultan Barghash alilijenga mwaka 1883. Mnara wa saa unaouona ukichomoza mbele ya jumba hilo haukuwa hapo mwanzo. Mnara wa zamani ulisimama peke yake, mbali kidogo, ukabomolewa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, vita ambavyo havikumaliza hata saa moja. Picha yenye mnara uliojitenga ni ya kabla ya siku hiyo. Na tangu tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya jumba ilipoporomoka ikiwa kwenye ukarabati na kuua watu, picha hizi za watalii zimegeuka kuwa kitu kingine. Mhandisi anayetaka kujua nguzo ilikaa vipi hawezi kuzidharau.

Lakini majumba yanaandikwa majina. Watu hawaandikwi. Katika kadi nilizofanyia kazi, jumba lilikuwa na jina, barabara ilikuwa na jina, hoteli ndiyo usiseme. Mwanamke aliyevaa kanga zake vizuri, shanga shingoni, mkono kiunoni, aliitwa tu mwanamke wa Kiswahili. Wakati mwingine hata hilo halikutosha, akaitwa mrembo wa Zanzibar. Prita Meier, mwanahistoria wa sanaa ambaye ameandika sana kuhusu picha za pwani, ameonyesha jinsi picha ya studio ilivyohama kutoka matumizi moja hadi mengine bila aliyepigwa kuwa na usemi. Wapwani wenyewe walipenda studio, walikuwa wanaenda kwa hiari na kupamba kuta zao kwa picha. Lakini negetivu ilibaki kwa mwenye studio. Ulikuwa unaweza kuamka ukakuta uso wako unauzwa bandarini kwa mabaharia.

Reli ilipoanza kupanda bara, kamera ilipanda nayo. William Young aliipigia picha Reli ya Uganda, kisha akawa na studio Nairobi. Nairobi yenyewe ilikuwa haina hata miaka kumi na tayari ina kadi: stesheni, Government Road, hoteli ya Norfolk iliyofunguliwa Krismasi ya 1904. Mji wa mabati na matope ulikuwa unajiuza kwa watu wa London kama pahali pa kuja kuwinda na kupumzika. Reli ilipofika Port Florence, yaani Kisumu, Desemba 1901, ziwa nalo likaingia kwenye kadi. Kakamega tuliachwa. Reli haikupita hapa wakati huo, na pasipopita reli hapakupita mtalii.

Sasa kuna upande wa pili wa hii hadithi, ambapo sisi hatukuwa mandhari ya safari ya mtu. Tulikuwa maonyesho.

Kati ya zile kadi mia mbili kulikuwa na moja ambayo niliiandikia sentensi tatu kisha nikaenda nje kukaa kidogo. Inaonyesha watu wazima na watoto mbele ya vibanda vya makuti, mavazi meupe, mwanga hafifu. Ukitazama haraka unadhani ni Berbera. Maandishi yanasema ni kijiji cha Wasomali, Bradford, 1904.

Bradford ni mji wa viwanda vya sufu kaskazini mwa Uingereza. Mwezi Mei 1904 ulifungua maonyesho makubwa katika bustani ya Lister Park, kuonyesha mitambo, vitambaa na sanaa. Kilichovuta umati kuliko mitambo yote kilikuwa hicho kijiji. Wasomali waliletwa, wakajengewa vibanda ndani ya ua, na kwa muda wote wa maonyesho, kuanzia Mei hadi Oktoba, kazi yao ilikuwa kuishi mbele ya macho ya watu. Walipika, walisuka, walirusha mikuki, watoto walisoma kwenye darasa lao, na watu wa Bradford walilipa kiingilio kutazama. Zaidi ya watu milioni mbili waliingia kwenye maonyesho hayo. Wakitoka walinunua kadi. Mtu angeweza kumwandikia shangazi yake kwamba hali ya hewa ni nzuri na mguu umepona, upande wa pili familia nzima ya Kisomali imesimama.

Kumbuka mwaka. Januari hiyo hiyo ya 1904 jeshi la Uingereza lilikuwa limepigana na wafuasi wa Sayyid Mohammed Abdullah Hassan pale Jidbali, Somalia, na kuwaua kwa mamia. Miezi minne baadaye Wasomali wengine wanatazamwa bustanini na familia zilizobeba vikapu vya chakula. Sitaki kujifanya najua waliopigwa picha walikuwa wanafikiria nini. Walikuwa na mkataba, walikuwa na kiongozi wao, na vikundi kama hivyo vilizunguka miji mingi ya Ulaya vikijua biashara yao vizuri. Si wote walikuwa mateka. Lakini mmoja wao, mwanamke kijana, aliugua na kufia huko, akazikwa Bradford. Na mtoto wa kike alizaliwa ndani ya ule ua, akaitwa Hadija Yorkshire. Hadija, kwa sababu ni mtoto wa Kiislamu. Yorkshire, kwa sababu ndiyo kaunti aliyozaliwa. Nimelitafakari sana hilo jina. Sijaamua kama ni utani wa wenyeji, ama ni wazazi waliosema kimoyomoyo: huyu mmetuzalisha nyinyi, mbebeni na nyinyi.

Mteja aliandika kwamba maelezo yangu ya kadi hiyo ni marefu, nipunguze. Nikapunguza. Ni hela yake.

Miaka ishirini baadaye mambo yalikuwa makubwa zaidi. Mfalme George V alifungua maonyesho ya himaya pale Wembley, London, tarehe 23 Aprili 1924, na kwa misimu miwili, 1924 na 1925, mamilioni ya watu walipita humo. Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar na nchi nyingine jirani walipewa banda moja, jeupe, lenye sura ya majumba ya pwani. Ndani kulikuwa na kahawa, katani, pembe, ngozi. Kampuni ya Raphael Tuck ya London, iliyokuwa kubwa sana kwenye biashara ya kadi, ilichapisha za Wembley kwa wingi. Watu wa Afrika Magharibi waliletwa kukaa katika kijiji chenye ukuta, kama Bradford tu. Tofauti ni kwamba safari hii kulikuwa na wanafunzi Waafrika London ambao waliweza kusoma magazeti. Walikasirika, wakaandika barua za kupinga jinsi watu wao walivyokuwa wanaelezwa. Mmoja wao, Ladipo Solanke kutoka Nigeria, mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa walioanzisha WASU, chama cha wanafunzi kilichokuja kuwalea wanasiasa wa uhuru. Kuna watu walienda maonyesho wakarudi na kadi. Wengine walirudi na chama.

Huku nyumbani mwaka huo huo wanaume walikuwa wanatembea na kipande shingoni, kwenye kikebe cha chuma, jina na alama za vidole ndani. Serikali ilipotaka kujua jina la Mwafrika, ililipata.

Na 1924 hiyo hiyo ndiyo Kanali Patterson aliwauzia jumba la makumbusho la Field, Chicago, ngozi za simba wawili wa Tsavo kwa dola 5,000. Alikuwa amewaua Desemba 1898 baada ya kuwashambulia wajenzi wa reli kwa miezi, kisha akazitumia ngozi zao kama mazulia kwa karibu robo karne. Mafundi wa Chicago wakazijaza zikasimama tena, ingawa ukiwaona utahisi ni wadogo, kwa sababu ngozi za zulia zilikuwa zimeshapunguzwa. Patterson alidai waliua watu 135. Watafiti waliopima mifupa na manyoya mwaka 2009 walifikia karibu 35. Kizazi baada ya kizazi cha watoto wa Chicago kimekua kikijua Tsavo kama kona moja ya jumba katika mji wao. Sisi tukitaka kuwaona tunahitaji viza.

Kakamega iko wapi kwenye haya yote? Iko chini, inachimbwa. Mwaka 1931 mzungu mmoja kutoka upande wa Turbo, Mmarekani aitwaye Johnson, aliona dhahabu kwenye mchanga wa mito yetu. Ndani ya mwaka mmoja mahema ya Wazungu yalikuwa yamejaa. Sheria ya 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya wenyeji ikichukuliwa, lazima walipwe ardhi nyingine. Desemba 1932 wakaibadilisha haraka haraka ili dhahabu ichimbwe bila ahadi hiyo. Bunge la London likajadili Kakamega mapema 1933. Kwa muda mfupi jina letu lilikuwa maarufu kuliko la Malindi, na bado hakuna aliyefikiria kutuwekea mnara wa kupigia picha. Watu walikuwa wanakuja kuchukua, na mtu anayekuja kuchukua hana haja ya ukumbusho. Mgodi wa Rosterman ulifungwa 1952.

Mwaka huo huo wa 1952 Mombasa ilikuwa inasimamisha zile pembe za ndovu barabara ya Kilindini, ambayo sasa ni Moi Avenue, kwa ajili ya ziara ya kifalme. Meli Gothic ilikuwa inangoja bandarini kumchukua Princess Elizabeth. Baba yake akafariki tarehe 6 Februari, yeye akiwa upande wa Nyeri, akapanda ndege Nanyuki, akapitia Entebbe na kurudi London akiwa malkia. Hakupita chini ya pembe hizo. Mwaka 1956, kwa ziara ya dadake Princess Margaret, zikatengenezwa upya kwa bati la alumini. Hizo ndizo unazoziona leo. Kitu kilichojengewa mgeni asiyefika kikawa ndiyo sura ya mji, na hakuna mtu wa bara aliyekanyaga Mombasa akakosa kupigwa picha pale.

Nairobi nayo ilipata KICC mwaka 1973, kazi ya David Mutiso na Karl Henrik Nøstvik, ikakamilika kwa wakati ili kupokea mkutano wa Benki ya Dunia. Robert McNamara alisimama kwenye jengo refu na jipya kabisa akahutubia kuhusu umaskini uliokithiri vijijini. Jengo likaingia kwenye kadi, baadaye kwenye noti. Nyumba nyingi za hapa Kakamega zilifahamu KICC kabla ya kuifahamu Nairobi.

Na hapa ndipo nataka kukaa, kwa sababu nilisema postikadi ya Kakamega haipo, na ni kweli, lakini neno lenyewe lilifika. Muulize mpigapicha yeyote mzee wa mji huu saizi za picha. Atakuambia kuna pasipoti na kuna postikadi. Ukienda studio ulikuwa unasema, nipige postikadi mbili. Karatasi za picha nyeusi na nyeupe zilizotengenezwa Ulaya mara nyingi zilikuja zikiwa zimechapwa maneno ya postikadi nyuma, na mstari wa katikati, na alama ya kubandika stempu. Wazungu walimaanisha kadi ya kutuma. Sisi tukachukua jina la kadi tukaliweka kwenye picha ya mtu. Kwenye kabati la glasi la kukhu, nyuma ya vitambaa na vikombe vya wageni, postikadi zote ni za watu na kila mmoja ana jina. Ukimkosea mmoja, utarudiwa kwa ukali.

Waliokwenda miji mikubwa ndio waliotuma zile za kuvutia zaidi. Uhuru Park, iliyofunguliwa 1969, ilikuwa na wapigapicha wenye kamera shingoni na albamu mkononi. Unasimama, wanakupanga mpaka KICC inaota kichwani mwako, unalipa, unaacha anwani. Picha inakufuata kwa posta. Ama haikufuati. Kila ukoo wa magharibi una mjomba ambaye alipigwa picha na kamera isiyo na filamu.

Lakini mabingwa walikuwa Likoni. Miaka ya 1990, pale kwenye kivuko, kulikuwa na vibanda vidogo vya studio vilivyojaa maua ya plastiki na vitambaa vilivyochorwa: feri, meli za kitalii, ndege, minazi, maghorofa ya mji usiojulikana. Heike Behrend, mwanaanthropolojia wa Kijerumani, aliwaandikia utafiti. Wapigapicha wengi walikuwa watu wa bara, na wateja wao pia wabara, vibarua wa bandari na wa mahoteli. Feri halisi iko nyuma yao mita chache, bure. Wao wanachagua ile ya kuchorwa. Nilipoisoma hiyo sikuona ajabu. Feri ya kweli ina kutu na msongamano, na tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa. Ile ya kitambaa haizami, na inakaa pale ulipoitaka.

Halafu tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kikavamiwa, polisi wakauawa, bunduki zikaibwa, na wiki zilizofuata wabara wakasakwa nyumba hadi nyumba. Sisi tunaita Kaya Bombo. Zaidi ya watu mia moja walikufa, maelfu kwa maelfu wakakimbia. Wapigaji na wapigwaji wa zile picha walikuwa ndio hao hao waliotakiwa kuondoka.

Khotsa wangu, kakake mama, alikuwa mmoja wao. Alienda Mombasa 1993, akawa kibarua bandarini. Mwaka 1995 alituma postikadi moja: amevaa shati la maua, mkono mmoja mfukoni, nyuma yake feri ya samawati yenye moshi ambao mchoraji aliupinda kuelekea upande mbaya wa upepo. Nyuma ameandika kwa kalamu: Mama mimi niko salama. Hii ndiyo feri. Nitakuja Krismasi. Hakuja Krismasi hiyo. Alikuja Septemba 1997 na mfuko mmoja wa karatasi, na hakupigwa picha nyingine tena isipokuwa ya kitambulisho.

Alipofariki, kamati ya mazishi ilihitaji picha ya programu. Ile ya kitambulisho ilikuwa inaonyesha mzee aliyekasirika, hivyo ikachaguliwa ya Likoni. Kijana wa saiba, kwa nia nzuri, akaanza kufuta feri ili aweke mawingu na njiwa wawili, vile programu zote za mazishi hufanywa siku hizi. Kukhu alikuwa amekaa nyuma yetu kwenye benchi. Hakuinuka. Akauliza, "Mwanangu, ukitoa meli, huyu atakuwa amesimama wapi?"

Kijana akajibu kwa heshima, "Kukhu, atakuwa mbinguni."

"Mbinguni atafika mwenyewe. Hapo alikuwa Mombasa. Rudisha."

Ikarudishwa. Programu mia moja na hamsini zikachapwa na feri, na watu wakaenda nazo nyumbani. Mwenyekiti wa kamati hakufurahia, alisema inaonekana kama tangazo la likizo. Nafikiri hakuwa amekosea sana kuhusu inavyoonekana. Ila kadi ya Likoni ndiyo pekee niliyowahi kuona ambayo anayeonyeshwa ndiye aliyelipa, ndiye aliyechagua mandhari, na ndiye aliyeandika nyuma. Kwa zile mia mbili za mteja wangu hakukuwa na hata moja ya hivyo.

Zile mia mbili ziko salama, by the way ya mambo. Ziko kwenye plastiki maalum, zina namba, zinauzwa kwa dola. Za kwetu zinaliwa na mchwa. Mwaka jana mzee mmoja mwenye studio hapa mjini, mmoja wa wale wa zamani, alifunga kwa sababu kodi ya nyumba ilimshinda. Kitambaa chake cha nyuma, chenye barabara ya lami, gari jekundu na majengo marefu ambayo alisema ni Nairobi, alikigeuza kifuniko cha kuni. Negetivu zilikuwa kwenye masanduku matatu ya bia. Moja lilikuwa limeshachomwa. Akaniuzia mawili yaliyobaki kwa mia nane, akaniongezea kitabu cha oda cha mwaka ambao hakuukumbuka.

Bahasha zina namba, hazina majina. Kitabu kina majina lakini kurasa nyingi zimelowa. Nimekuwa nikizipiga negetivu picha kwa simu juu ya kioo chenye taa chini yake, nageuza rangi, kisha Jumamosi nabeba chapa chache sokoni na kwenye stegi nikiuliza watu wa umri fulani. Wengine wanadhani nauza kitu. Mama mmoja wa mboga alimtambua dadake amevaa sare ya uuguzi mbele ya ule mji wa kitambaa, akataka nakala mbili, saizi ya postikadi, na akaninyang'anya kalamu ili aandike jina nyuma yeye mwenyewe, kwa sababu alisema mwandiko wangu hausomeki.

Mpaka sasa saba wamepata majina. Sanduku la pili bado sijalifungua.